UZI: Tuliacha king'amuzi cha kulipia tukahamia mtandaoni. Hesabu na marekebisho ya mwaka mmoja na nusu katika nyumba ya watu saba

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Swali la kuacha king'amuzi na kuhamia Netflix, YouTube na huduma nyingine za utiririshaji limeulizwa mara nyingi, na majibu mengi niliyoyasoma yametolewa na watu wanaoishi peke yao, ambao mechi moja kwa wiki na tamthilia mbili tatu zinawatosha. Nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, tuko saba: mimi na mke wangu, watoto watatu, mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 71, na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Tulihama Januari 2024. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu niliyoyakosea yanaweza kukosewa na familia nyingine, na kosa kubwa kati ya hayo halikuhusu fedha.

Hata hivyo nianze na fedha, kwa kuwa ndizo zilizotusukuma. Kifurushi chetu cha dishi kilikuwa kikitugharimu zaidi ya shilingi laki moja kwa mwezi. Jioni moja mke wangu alichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa nyeupe, akaanza kuandika kila chaneli iliyowashwa, saa iliyowashwa na nani aliyeiwasha, akaendelea hivyo kwa wiki tatu bila kukosa siku. Kati ya chaneli zaidi ya mia moja tulizokuwa tukizilipia, nyumba nzima ilikuwa ikitazama tisa. Nne kati ya hizo tisa zilikuwa chaneli za ndani ambazo mwenye antena huzipata bila kulipa kifurushi, mbili zilikuwa za katuni, mbili za mpira, na moja ya tamthilia. Ninamshauri kila anayefikiria kuhama aanze na daftari la namna hiyo kabla hajanunua kifaa chochote, kwa sababu kumbukumbu hudanganya: mimi ningeapa kwamba ninatazama chaneli za makala za wanyama na historia, lakini katika wiki zile tatu sikuzifungua hata mara moja.

Sasa nije kwenye intaneti. Tulidhani kwamba tunahama kutoka dishi kwenda Netflix, kumbe tulikuwa tunahama kutoka mawimbi ya setilaiti, ambayo ukitazama saa moja au saa kumi na nane bei yake ni ile ile, kwenda kwenye data, ambayo wengi wetu huinunua kwa kupimiwa. Netflix wenyewe hueleza kwamba saa moja ya kutazama kwa ubora wa kawaida hutumia takriban GB 1, ubora wa HD hutumia hadi GB 3, na ubora wa 4K hufika GB 7. Televisheni yetu ya sebuleni huwashwa kama saa tano kwa siku. Kwa ubora wa HD hizo ni GB 15 kwa siku, yaani GB 450 kwa mwezi, na hapo sijahesabu simu za watoto. Mwezi wa kwanza tulitumia ruta ya laini ya simu tukanunua bando la GB 40, nalo likaisha siku ya tatu kabla ya chakula cha jioni. Kama tungeendelea hivyo, Februari ingetugharimu mara kadhaa ya kile kifurushi cha dishi tulichokikimbia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupata intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa GB, na kwa mjini hiyo ni fiba, yaani intaneti ya waya unaoletwa hadi ndani ya nyumba. Tuliomba, tukaahidiwa wiki moja, mafundi wakafika baada ya wiki tano, na katika muda huo wote tulilazimika kurudi kulipia dishi. Mtu asikate king'amuzi kabla fiba haijawaka ndani ya nyumba na kupimwa kwa siku kadhaa, hasa kati ya saa mbili na saa nne usiku, ambapo mtaa mzima uko mtandaoni. Na muuzaji anaposema "bila kikomo", aulizwe kwa maandishi kama kuna kiwango ambacho kikifikiwa kasi hupunguzwa, kwa maana huduma nyingi zinazoitwa hivyo zina sharti hilo katika mkataba.

Kuhusu kasi, watu hulipia kubwa kuliko wanayoihitaji. Kwa picha ya HD kamili Netflix hupendekeza Mbps 5, na kwa 4K Mbps 15. Sisi tulichukua Mbps 20, na televisheni mbili pamoja na simu tatu hufanya kazi kwa wakati mmoja bila kukwama. Ikumbukwe kwamba Mbps ni megabiti kwa sekunde na GB ni gigabaiti. Baiti moja ni biti nane, hivyo Mbps 20 huleta kama MB 2.5 kwa sekunde. Mara nyingi inapokwama tatizo huwa ndani ya nyumba: ruta imewekwa chumbani nyuma ya kuta mbili za tofali na kabati la nguo. Tulipounganisha televisheni ya sebuleni na ruta kwa waya, kukwama kulikoma siku hiyo hiyo.

Sasa nieleze lile kosa kubwa.

Mama yangu aliishi Bara katika miaka ambayo hatukuwa na televisheni kabisa. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Huku kwetu tulisubiri hadi 1994. Alinunua seti yake ya kwanza kwa fedha za mchezo wa akina mama, na tangu siku hizo taarifa ya habari ya saa mbili usiku imekuwa sehemu ya siku yake kama swala. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na neno king'amuzi likaingia midomoni mwa kila mtu, nilimfundisha kubonyeza namba tatu kwenye rimoti, na namba hizo alizishika kwa miaka kumi na moja. Sisi tulipohama, televisheni ilipowashwa ilileta safu za picha ndogo ndogo zenye maandishi ya Kiingereza, na ili kufikia taarifa ya habari ilimlazimu afungue programu, aandike jina la kituo kwa kuchagua herufi moja moja, kisha atafute matangazo ya moja kwa moja katikati ya vipande vya zamani. Hakusema neno. Kwa muda wa wiki mbili, kila ikikaribia saa mbili, alijitanda khanga akatoka, nami nikadhani anakwenda kumjulia hali jirani aliyekuwa mgonjwa. Ni huyo jirani aliyeniambia kwamba mama huja kwake kutazama habari kwa sababu "kwenye televisheni ya mwanangu siku hizi siiwezi."

Wakuu, nililala vibaya usiku ule. Tulikuwa tumeandika katika daftari kwamba chaneli ya habari hutazamwa dakika 45 kwa siku, na kwa kuwa ni dakika chache tukaona haina uzito. Kesho yake nilinunua king'amuzi cha antena, nikafunga antena juu ya paa, na TBC1, ITV, Channel Ten na Star TV zikarudi bila malipo ya mwezi. Watu wengi wanachanganya aina hizi mbili za ving'amuzi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipovitaka ving'amuzi vya dishi viondoe chaneli za ndani zisizolipiwa, msingi wake ulikuwa kwamba leseni zao zilikuwa za televisheni ya kulipia, na jukumu la kubeba chaneli hizo lilikuwa la wenye mitambo ya ardhini, ile inayopokewa kwa antena. Antena ile ndiyo iliyoikamilisha nyumba yetu, na ningeanza upya ningeifunga kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu mpira nitasema kifupi: hakuna njia ya mkato. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko mikononi mwa Azam, ambao mwaka 2021 waliingia mkataba wa miaka kumi na TFF, shirikisho la soka nchini, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225, na Ligi Kuu ya Uingereza katika ukanda wetu iko SuperSport, chaneli za michezo za DStv. Haki hizo zina wenyewe, na Netflix haitakuonyesha Simba na Yanga. Wenye haki hizo wana programu zao za mtandaoni, AzamTV Max na DStv Stream, na sisi tunalipia mwezi wenye mechi tunazozitaka, kisha tunaacha.

Mahesabu yetu ya sasa: fiba shilingi 70,000, huduma moja ya filamu, na mpira kwa miezi sita hivi ya mwaka. Tunaokoa fedha, ingawa pungufu ya nilivyotarajia. Naomba kuwasilisha, na ninakaribisha maswali.

Mdau wa Mwanza

Mkuu, shukrani kwa maelezo haya, hasa habari ya mama. Mimi niko nje kidogo ya mji, na fiba haijafika mtaani kwetu. Tunatumia kebo ya mtaa, ile ya waya unaopita juu ya mapaa kutoka kwa wakala, ambaye hupita kila mwezi kukusanya fedha yake. Picha si safi sana, na umeme ukikatika kwa wakala sisi sote tunakosa, lakini bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kifurushi chochote. Intaneti yangu ni ya laini ya simu. Je, unanishauri nihame?

Mleta uzi

Ndugu yangu, usihame. Kwa intaneti ya kupimwa, kila jioni ya familia itakuwa bili. Unachoweza kufanya ni kuongeza kidogo juu ya hiyo kebo: Netflix na YouTube zote zinaruhusu kupakua kwenye simu kwa masharti yao, na katika Netflix unaweza kuchagua ubora wa chini kwenye mipangilio ili GB moja ikupe saa kadhaa. Pakua usiku kwa bando la usiku, watoto watazame mchana. Kebo yako iache iendelee kuleta habari na tamthilia kwa ajili ya walio nyumbani, na siku fiba itakapofika mtaani kwenu ndipo urudi kwenye hesabu ya daftari.

Mdau fundi wa ving'amuzi, Dar es Salaam

Nimefunga ving'amuzi kwa zaidi ya miaka kumi, na sina nia ya kumzuia mtu kuhama, lakini kuna mambo matatu ambayo mleta uzi ameyapita haraka.

La kwanza ni vifaa. Wateja wengi hununua visanduku vya Android vya bei nafuu, kisha hunilalamikia kwamba picha ya Netflix ni hafifu ingawa intaneti ni nzuri. Sababu ni kwamba huduma za kulipia hutoa HD kwa vifaa vilivyothibitishwa tu, vyenye ulinzi dhidi ya kunakili uitwao Widevine, wa ngazi ya juu inayoitwa L1. Kisanduku kisichothibitishwa hupewa picha hafifu ya mistari 480 hata ukiwa na Mbps 100. Kabla ya kununua, hakikisha kifaa kimethibitishwa kwa Netflix. Kuiona programu imewekwa ndani yake hakutoshi.

La pili ni kuchelewa. Picha ya mtandaoni hukatwa vipande vipande, hufungwa, husafirishwa, kisha kifaa chako huweka akiba ya sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha. Kwa hiyo matangazo ya moja kwa moja mtandaoni huwa nyuma ya setilaiti, wakati mwingine kwa nusu dakika au zaidi. Kwa filamu hakuna tofauti yoyote. Kwa mechi, mtaa ukilipuka kwa shangwe wewe bado unaangalia kona ikipigwa, na ninao wateja wawili waliorudi kwenye dishi kwa sababu hiyo peke yake.

La tatu ni mvua, na hapa ninawapa haki wanaohama. Mawimbi ya masafa yaitwayo Ku yanayotumiwa na madishi yetu hudhoofishwa na mvua kubwa, na hakuna fundi anayeweza kuliondoa tatizo hilo kabisa, hata akielekeza dishi kwa usahihi kiasi gani. Wakati wa masika napigiwa simu na watu ambao dishi lao halina ubaya wowote. Fiba haijali mvua, isipokuwa nguzo ianguke.

Mleta uzi

Fundi, asante sana. Hilo la kisanduku lilinipata pia. Cha kwanza nilikirudisha dukani, nikaongeza fedha nikachukua chenye uthibitisho. Niongeze la umeme: LUKU ikiisha au umeme ukikatika, ruta nayo huzima hata kama una simu yenye chaji. Zipo UPS, yaani betri za akiba, ndogo za volti 12 zinazowasha ruta na kile kisanduku cha fiba kwa saa kadhaa, na kwetu hiyo imekuwa nunuo bora kuliko ile televisheni ya pili.

Mdau wa Nairobi

Habari zenu. Huku kwetu wengi tulianza mapema, kwa sababu kampuni kama Zuku ziliuza televisheni ya kebo na intaneti kwa waya mmoja, kwa hiyo kuacha upande wa televisheni na kubaki na intaneti lilikuwa jambo la simu moja tu. Ninaomba nitoe mawili.

Wanaoishi katika majengo ya kupanga waulize kwanza ni kampuni gani inaruhusiwa kuingiza nyaya. Katika jengo ninaloishi mwenye nyumba amekubaliana na kampuni moja pekee, na huduma yake ikizorota hatuna pa kukimbilia. Niliitia sahihi nyumba kwa kutazama maji, usalama na maegesho. Siku hizi ningeuliza intaneti katika pumzi hiyo hiyo.

La pili ni tahadhari kuhusu kutegemea ofa. Netflix walitoa huduma ya bure kwa simu za Android hapa Kenya kuanzia Septemba 2021, jamaa zangu kadhaa wakakatisha vifurushi vyao kwa sababu hiyo, kisha mwaka 2023 ofa ikaondolewa. Mwaka huo huo Netflix walianza pia kudhibiti kwa ukali zaidi kushiriki akaunti kati ya nyumba tofauti, na ile mipango ya ndugu wanne kuchangia akaunti moja kutoka miji minne ikavunjika. Anayepanga bajeti ya nyumba ahesabu bei kamili, kana kwamba ofa haipo.

Mdau wa Mbagala

Wakuu, mbona mnajitesa? Kuna vijana wanauza kiungo kimoja cha IPTV, yaani televisheni ya kupitia intaneti, unalipa mara moja kwa mwaka unapata chaneli maelfu, mpira wote wa dunia pamoja na filamu. Mimi ninakitumia na kinafanya kazi.

Mleta uzi

Ndugu yangu, ninakujibu kwa heshima, kwa sababu hata mimi nilishawishiwa na jirani. Anayekuuzia chaneli zote za dunia kwa bei hiyo hana haki ya hata moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wenye kazi hizo, wakiwamo wasanii wetu wa tamthilia ambao tunalalamika kwamba hawalipwi. Pili, umelipa mwaka mzima kwa mtu usiyemjua jina wala ofisi. Kiungo kikizimwa katikati ya msimu hakuna mahali pa kudai. Tatu, programu hizo huwekwa nje ya duka rasmi, kwenye kifaa ambacho pengine kina barua pepe yako na kadi yako ya malipo. Binti yangu wa miaka tisa anatumia televisheni hiyo hiyo. Sikuwa tayari kuingiza sebuleni kitu ambacho sijui kinaleta nini saa ambayo mimi sipo.

Mdau wa Arusha

Swali langu ni la malipo. Sina kadi ya benki, na ninaogopa kukatwa bila kujua.

Mleta uzi

Hofu yako ina msingi. King'amuzi usipokilipia kinajizima chenyewe, lakini huduma ya mtandaoni hukata kila mwezi mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye akaunti na kusitisha. Sisi tunatumia kadi pepe ya pesa kwa simu: tunaiwekea kiasi cha mwezi huo tu, na kikiisha hakuna cha kukatwa. Huduma zinazotozwa kwa dola zihesabiwe kwa dola, kwani shilingi zake hubadilika kila mwezi kulingana na siku hiyo dola imefika wapi. Tarehe za kukatwa tumeziandika kwenye kalenda ya jikoni, na mtoto wa kwanza ndiye mwenye jukumu la kukumbusha siku mbili kabla.

Mdau wa Dodoma

Je, ile siku nyaya za baharini zilipokatika mlifanyaje? Mimi nilikuwa nimehama mwezi mmoja tu kabla.

Mleta uzi

Unazungumzia Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kwetu ruta ilikuwa inawaka taa zote kama kawaida, lakini filamu haikufunguka, na watoto walizunguka nyumba nzima na simu wakidhani tatizo ni chumba walichomo. Nilipiga simu huduma kwa wateja mara nne bila kupata maelezo.

Ilipofika saa mbili usiku mama alichukua rimoti ya king'amuzi cha antena, akabonyeza namba zake tatu. Habari ya kwanza aliyotusomea kutoka kwenye kiti chake, sisi tukiwa bado tunahangaika na ruta, ilikuwa ya zile nyaya. Watoto wakaja wakakaa kwenye mkeka chini yake, wakatazama taarifa yote hadi michezo, na mkubwa akamuuliza bibi yake waya unawezaje kulala chini ya bahari. Siku hizi rimoti hiyo inakaa kwenye mfuko mdogo alioushona mwenyewe, umening'inia kwenye mkono wa kiti, na hakuna anayeihamisha.